Bibi, mlima wa Kolo na njaa ya kujitakia

MSOMAJI wangu, kuna kazi za kutumwa ambazo ukitumwa unatamani simu yako ingekuwa imezimwa. Machi 2025, Ramadhani iko katikati, mama akanipigia: "Nenda Kondoa ukamwambie bibi yako aache kufunga."

Kha! Mimi nikamwambie bibi? Nikauliza wajomba wako wapi. Mama akasema wajomba wameshindwa, mama wadogo wameshindwa, hata jirani aliyepewa kazi ya kumchungulia jikoni ameshindwa. "Wewe ndiye mume wake, wewe anakusikiliza."

Bibi ana miaka kama 80 na presha juu. Dini yenyewe imemfungulia mlango: mzee asiyeweza anasamehewa, analisha maskini kwa kila siku aliyokula, mambo yamekwisha. Lakini bibi huyo kila alfajiri anakula daku, anatia nia, halafu anashika jembe la mkono na kuingia kwenye bustani yake. Ukimuuliza, anakutazama kama vile umemuuliza kwa nini anapumua.

Basi bwana, nikafunga begi.

Kwanza nikwambie habari ya njia, maana nayo ina lake. Zamani Dar hadi Dodoma kwa treni ulikuwa ni usiku mzima wa kukunja magoti, mtoto wa mwenzio kakulalia begani, kuku wa mtu anakudonoa kisigino. Tangu 2024 kuna treni ya umeme. Haifiki saa nne, uko Dodoma, shati halijakunjamana. Nikajiambia: binadamu ameshinda. Taabu imekwisha.

Nilipofika Dodoma nikakuta taabu ndiyo kwanza inatafutwa kwa tochi.

Nililala kwa mshikaji wangu mmoja, tulisoma wote sekondari, yeye siku hizi ni mtu wa ofisini, ana kiti cha kuzunguka na kiyoyozi. Jioni baada ya magharibi akanipeleka kwenye mishkaki. Akaagiza pilipili ya kusaga, ile inayokaa kwenye kikopo kidogo kama dawa. Akaimwaga. Akala. Machozi yakamtoka, kamasi zikamtoka, akapuliza ulimi nje kama mbwa wa saa saba mchana. Nikamwambia, "Si uache?" Akajibu, "Aah, niongezee."

Alfajiri yake, saa kumi na moja na nusu, akaniamsha. Nilidhani kuna moto. Kumbe ni mazoezi. Anakimbia kuelekea lile jiwe kubwa lililokaa kaskazini-mashariki ya mji, wageni wamezoea kuliita Lion Rock, halafu anarudi. Hakimbizwi na mtu. Halipwi. Na barabarani hakuwa peke yake, walikuwepo wengine, wake kwa waume, wanahema kama pancha ya baiskeli.

Njia ya kurudi, pembeni ya mji, tulikuta akina mama wawili wamekaa chini wanaponda kokoto. Nyundo, jiwe, nyundo, jiwe. Mmoja akatutazama tulivyolowa jasho, akamnong'oneza mwenzake, wakacheka mpaka nyundo ikasimama. Mshikaji wangu hakuona kitu. Mimi kile kicheko kilinikaa kichwani hadi stendi.

Jasho letu na lao, ukiliweka kwenye chupa mbili, hakuna daktari atakayekwambia lipi ni la nani. Kwa nini basi sisi tulikuwa tunalifurahia na wao wanalivumilia tu?

Mimi shule yangu iliishia Form Four, tena ya kuungaunga, lakini vitabu vya kuazima nasoma. Wataalamu wa saikolojia wamelihangaikia swali hili miaka mingi. Yupo Mmarekani mmoja, Paul Rozin, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambaye mwaka 1980 pamoja na mwenzake alitoa utafiti juu ya walaji wa pilipili wa Mexico na Marekani. Pilipili haiunguzi kweli. Inaidanganya tu mishipa ya fahamu ya mdomoni ikadhani kuna moto. Mwili unapiga ving'ora, akili inajua ni uongo, na Rozin anasema utamu uko hapo hapo: mwili kupiga kelele huku wewe unajua hakuna hatari. Ndiyo maana watu wanalipa kiingilio kwenda kuogopeshwa na sinema.

Wengine wa Chuo Kikuu cha Virginia walikwenda mbali zaidi, mwaka 2014. Waliwafungia watu chumbani mmoja mmoja kwa dakika 15, bila simu, bila gazeti, kaa na mawazo yako. Kulikuwa na kitufe tu, ukikibonyeza unapigwa shoti ya umeme. Na watu hao walikuwa wameshaionja na kusema wako tayari kutoa hela wasipigwe tena. Unajua ilikuwaje? Wanaume 12 kati ya 18 walijibonyezea angalau mara moja. Wanawake ni 6 kati ya 24. Akina dada, hongereni.

Kwa hiyo binadamu akikosa taabu anaitafuta, hata ya umeme. Nikapanda basi la Kondoa nikiwa nadhani jibu nimelipata: bibi anataka kuchangamka tu, kama mshikaji wangu na pilipili yake. Nitamtafutia redio mpya.

Barabara ya Dodoma kwenda Kondoa na Babati siku hizi ni lami, ilifunguliwa rasmi 2018. Kondoa ni kama kilomita 160, unapita Mayamaya, unapita Chemba, usingizi wako salama. Machi nchi imevaa kijani. Anayeijua Dodoma ya Septemba, ya vumbi jekundu na mibuyu iliyo uchi, angeshuka kwenye basi kuuliza kama kapotea. Mvua ya huku inaanza Desemba, ikifika Aprili inakusanya virago. Mwaka mzima haijai milimita 600, na miaka mingine inakuja kusalimia tu na kuondoka. Huku watu wanajua tofauti ya wingu la mvua na wingu la mapambo.

Nikafika kwa bibi, kijijini, upande wa njia ya kwenda Kolo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekonda. Huyo mke mwenzangu wa Dar hakulishi?"

Nikakaa kwenye kigoda. Ulimi ukawa mzito. Ningeanzaje? Mama alipiga simu mara mbili, nikajifanya mtandao unasumbua. Kesho yake asubuhi nikatoroka kwa heshima: nikasema nakwenda kuona michoro ya Kolo.

Kama hujafika Kolo, Mtanzania mwenzangu, jipange uende. Iko kaskazini ya mji wa Kondoa. Kwenye majabali ya vilima vile kuna michoro ya kale, mingi ya rangi nyekundu: twiga, swala, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Mary Leakey alikaa huku mwaka 1951 akiinakili, na mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Unaripoti kwanza ofisi ya Mambo ya Kale, wanakupa wa kukuongoza. Wenyeji wengine mpaka leo wanapaheshimu, wanakwenda kufanya tambiko, kuomba mvua na uzima.

Sasa nikukiri kitu. Asubuhi ile nilikuwa nimefunga. Nilikula daku na bibi, nikaona aibu kijana wa miaka 20 na ushee kushindwa na bikizee. Lakini kile kilima kinapanda, msomaji. Siyo kilima cha kwenye kalenda. Mawe makubwa, miiba, na jua la saa tano likiwa mgongoni. Kiongozi wangu, mtu mzima kuliko baba yangu, anapanda kama anakwenda dukani kununua chumvi. Mimi miguu inatetemeka, midomo imekuwa karatasi.

Nilipofika juu nikaiona michoro, nikaona na bonde lote la kijani chini, na moyo ukafunguka nikatamani kupiga kelele. Hakika ilikuwa tamu. Ningeletwa pale kwa helikopta nadhani ningetazama dakika mbili, nipige picha, niulize chakula kiko wapi.

Halafu nikageukia mwamba, nikatoa chupa kwenye begi, nikanywa maji. Nusu lita, kwa mkupuo mmoja. Kiongozi akatazama pembeni, muungwana yule.

Nikarudi kwa bibi alasiri nachechemea.

"Ulikuwa wapi na miguu hiyo?"

"Nilipanda mlima, bibi."

Akaacha kuchambua mboga. "Mbuzi alipotea?"

"Hapana bibi."

"Kuni?"

"Hapana."

"Sasa ulifuata nini?"

Msomaji, jaribu kulijibu swali hilo mbele ya mwanamke aliyepanda vilima vile miaka 70 na kila alipopanda kulikuwa na sababu. Nikasema nilikwenda kutazama. Akacheka kicheko kile kile cha akina mama wa kokoto. Nikaona nafasi ndiyo hii, nikajikaza: "Na wewe bibi, unafunga unafuata nini? Presha unayo, umri unao, ruhusa unayo. Mama halali kwa ajili yako."

Hakukasirika. Akaendelea na mboga yake, halafu akaanza mbali.

Akanikumbusha ukame wa 1973 na 1974, mahindi yalipokauka shambani nchi karibu nzima na serikali ikanunua nafaka ng'ambo. Ndipo lilipokuja lile dona la njano la msaada ambalo watu waliliita Yanga. Mama yangu alikuwa bado mtoto wa kubebwa. Kabla ya Yanga kufika, kulikuwa na wiki ambazo bibi alibandika chungu cha maji na mawe ili watoto waone moshi, walale na matumaini.

"Njaa ile haikuwa na magharibi, mume wangu," akasema. "Unangoja jua lizame. Linazama. Hakuna kitu. Kesho yake tena."

Nikakaa kimya.

"Hii ya sasa naifunga mwenyewe na naifungua mwenyewe. Miaka ile njaa ilikuwa inanifunga mimi. Sasa mimi ndiye ninayeifunga. Mwambie mama yako hivyo."

Nakwambia ukweli, vitabu vyote nilivyoazima vilifungwa pale. Maana tazama lugha yetu ilivyo na akili: kufunga, kufungua. Ni maneno ya mlango. Na mwenye mlango ni yule mwenye ufunguo.

Hapo ndipo nikaelewa wale wa kokoto. Mshikaji wangu akichoka anageuza, anarudi kwenye kiyoyozi chake. Ufunguo uko mfukoni mwa bukta. Mama wa kokoto akichoka anaponda, kwa sababu usiku kuna watoto. Tumbo ni lile lile na jasho ni lile lile, ila mmoja yuko kwenye mchezo na mwingine yuko kifungoni.

Halafu kuna hilo la magharibi. Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2002, alitoa utafiti na wenzake mwaka 1993. Waliwaambia watu watumbukize mkono kwenye maji ya baridi kali, nyuzi 14, kwa sekunde 60. Zamu nyingine, sekunde 60 zile zile, halafu zinaongezwa 30 huku maji yakipashwa moto kidogo tu. Walipoulizwa wangerudia zamu gani, wengi wakachagua ile ndefu! Maumivu zaidi, lakini yaliyoishia vizuri. Kumbukumbu haipimi urefu wa taabu, inashika ilivyoishia. Saumu inaishia kwenye uji wa moto wenye pilipili manga, tambi, magimbi, na majirani kibao kwenye mkeka mmoja. Ile ya 1974 iliishia kwenye foleni.

Bibi akanisimulia na nyingine. Miaka hiyo hiyo udongo wa Kondoa ulikuwa unakwenda na maji, makorongo yamefunguka mpaka nyumba zinaogopa. Mwaka 1973 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 ikatoka amri: mifugo yote itolewe kwenye eneo lililoharibika. Makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wakaondoka. Ardhi ikapona, hilo hata bibi anakubali, majani na miti vilirudi. Lakini hasimulii kama anavyosimulia Ramadhani zake. Anasimulia akitazama chini, anataja ng'ombe kwa rangi zao mmoja mmoja. Taabu hata ikiwa na faida, kama hukuulizwa, haikai moyoni kama yako.

Na hapa, vijana wenzangu, tusikilizane vizuri, maana mjini kuna wajanja. Wapo wanaochukua taabu waliyokupangia wao, wanaivisha nguo za taabu ya kujichagulia. Mwajiri anakucheleweshea mshahara miezi mitatu halafu anakwambia, "Kijana, komaa, maisha ni kupambana." Hapo hukuchagua kupanda mlima. Umesukumwa, na ngazi wameondoa.

Kubwa kuliko hilo ni la huku huku kanda ya kati. Msichana anashikwa na wakubwa, anakeketwa, halafu anaambiwa avumilie kwa kuwa ndiyo ukubwa, na asilie. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015/16 ulikuta mkoani Dodoma wanawake 47 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2022 ulikuta 18. Imeshuka, na sheria ya mwaka 1998 inasema wazi kumfanyia hivyo aliye chini ya miaka 18 ni jinai. Lakini hata mmoja ni wengi. Yule mtoto hakufunga na hana wa kumfungulia. Mtu asikudanganye kwamba uchungu wote ni shule. Uliza kwanza ufunguo anao nani.

Jioni ile nikampigia mama. Nikamweleza yote, na ya chungu cha mawe nikamweleza. Upande wa pili kukawa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha. Mama hakuwa anaijua habari ile. Alikuwa anaukumbuka ule moshi tu.

Akasema, "Basi mwambie asiache daku."

Siyo kwamba tumemwachia hivi hivi. Kesho yake tulikwenda naye zahanati, akapimwa, muuguzi akampangia saa za kumeza dawa zake na akamwambia asipuuze kizunguzungu: kikija, anakula papo hapo, hakuna mjadala. Bibi akakubali, tena akasema mbele yetu sote, "Mwenye kufunga ndiye mwenye kufungua." Ikimbidi, atafungua. Namwamini. Na jirani wa kuchungulia jikoni yupo pale pale.

Mimi siku ile nilifunga na sikuibia. Saa tisa nilikuwa naona nyota, nikawa namtazama bibi anavyopalilia, nikaona haya kulalamika. Jua lilipoanza kushuka nyuma ya vilima, tukakaa kwenye mkeka na majirani, kila mtu ameshika tende yake, macho kwenye mwanga ule wa mwisho. Bibi akanisogelea sikioni.

"Jana kule mlimani ulikunywa maji."

Nikataka kukana. Akanipiga kofi dogo la paja.

"Msafiri ana ruhusa, mume wangu. Ila ungeniambia tu."

Adhana ikaanza. Akafungua yeye kwanza.